Mapatano ya Mto Yatangulie Saruji



Tangu TANU ilipotangaza Siasa ni Kilimo mjini Iringa mwezi Mei 1972, ni nadra kiongozi kusimama mbele ya wananchi kuzungumzia chakula bila kulitaja neno umwagiliaji. Wala hilo si ajabu. Haukupita muda mrefu baada ya tangazo lile, mvua zikakatika katika miaka ya 1973 na 1974, maghala yakabaki vumbi, na taifa lililokwisha kuapa kujitegemea likalazimika kumwaga fedha zake za kigeni kununua nafaka ng'ambo. Wapo wasemao, na hawakosei, kwamba kuhamishwa kwa mamilioni ya watu kwenda vijijini katika majira yale yale kuliongeza uzito wa msiba. Hata hivyo fundisho lililobaki vichwani mwa watu wengi lilikuwa moja: mvua si ya kutegemewa, mito ipo, basi mito na iingizwe mashambani.

Fundisho hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Nusu ya pili ndiyo makusudi ya mazungumzo haya, nayo ni kwamba mapatano ya watu wanaokunywa na kulima katika mto mmoja yapaswa kutangulia saruji. Pale ambapo saruji ilitangulia, hata mradi uliosifika kwa mavuno ulijikuta unalilia maji.

Yafaa kwanza kuzitazama hesabu, kwa kuwa ndizo zinazosomwa zaidi katika semina na warsha. Mpango Kabambe wa Taifa wa Umwagiliaji wa mwaka 2002 ulieleza kwamba Tanzania ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa, na kati ya hizo hekta milioni 2.3 ndizo zenye uwezekano mkubwa. Tarakimu hizi zimerudiwa mara nyingi hata zimegeuka kuwa kama methali. Lakini hekta ni kipimo cha ardhi. Mwalimu wa hesabu akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake kipimo cha maji, na awape swali hili: jaruba lenye ukubwa wa hekta moja likijazwa maji ya kina cha sentimita 10, ni lita ngapi zimeingia? Jibu ni lita milioni moja, yaani madebe 50,000 ya lita 20. Na huko ni kulijaza mara moja tu. Mpunga, tangu kulainisha udongo hadi kukomaa, pamoja na maji yanayozama ardhini na yanayochukuliwa na jua, huweza kuhitaji mara kumi ya kiasi hicho na zaidi. Hekta zile milioni 2.3, kama zote zingelimwa mpunga kwa msimu mmoja, zingehitaji maji ya kujaza mabwawa sita au saba yenye ukubwa wa Mtera. Bila shaka hapana mtu mwenye akili timamu anayependekeza zote zilimwe mpunga. Hesabu hii ni ya kuonyesha tu kwamba ardhi ikiwa nyingi haina maana kuwa maji nayo ni mengi.

Mahali panapofundisha jambo hili kuliko pote ni Moshi Chini, katika tambarare iliyo kusini ya mji wa Moshi. Hapo, kwa mkopo wa Serikali ya Japani, ulijengwa mradi wa umwagiliaji uliokamilika mwaka 1987 na kuhudumia vijiji vya Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Maji yalitegwa katika mito ya Rau na Njoro. Eneo lililopangwa lilikuwa hekta 2,300, na katika hizo hekta 1,100 zilitengwa kwa ajili ya mpunga. Mashamba yalisawazishwa, mifereji ikasakafiwa, matrekta yakaletwa, na wakulima wakafundishwa kuotesha miche kitaluni na kuipandikiza kwa mistari. Mbegu iliyopandwa ilikuwa IR54, iliyotoka katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino.

Mavuno yakawa ya kustaajabisha. Hekta moja ilitoa zaidi ya tani sita za mpunga, kiwango ambacho wakulima wadogo wa nchi hii hawakuwa wamekizoea hata kidogo. Wageni walifika kutoka kila pembe kujionea. Chekereni likawa jina la kutajwa ofisini Dar es Salaam, na mwaka 1994 pakafunguliwa hapo chuo cha mafunzo ya kilimo cha mpunga ambacho kimewafundisha maafisa kilimo na wakulima wa mikoa mingi.

Sasa isikilizwe sehemu ya pili ya kisa hicho, ambayo haikuwa ikisimuliwa sana kwa wageni. Mto Rau hauanzii kwenye banio la mradi. Juu yake wako watu, wenye mashamba yao na mifereji yao ya asili. Watu hao waliona kwa macho yao jinsi jirani wa chini alivyonunua bati na kusomesha watoto kwa mpunga, wakaiona mbegu, wakaona namna ya kupandikiza, na wengine walikuwa wamefanya vibarua katika majaruba yale. Wakafanya kile ambacho Bwana Shamba yeyote angewasihi wafanye: wakaiga kilimo bora. Palipokuwa na mahindi au kichaka pakachongwa majaruba, na maji yakachepushwa kabla hayajafika kwenye banio. Miaka michache tu baada ya mradi kukamilika, maji yaliyofika chini hayakutosha tena, na eneo lililoweza kupandwa mpunga katika msimu likashuka chini kabisa ya lile lililoandikwa katika mipango. Mkulima wa mkiani mwa mfereji, aliyelipa ada na kusafisha sehemu yake, alikaa akingoja zamu ambayo wakati mwingine haikuja.

Nani alikosa? Ukimwuliza mtu wa chini atasema ni wizi. Ukimwuliza mtu wa juu atasema kwamba maji yanapita uwanjani kwake, babu yake aliyatumia, na hakuna aliyewahi kuketi naye kumwambia kuwa tangu siku fulani maji hayo ni mali ya wengine. Wote wawili wana hoja. Kosa lilikuwa katika karatasi, kwa sababu mpango ulipima mto na udongo kwa ustadi mkubwa, lakini haukukisia kwamba mafanikio yenyewe yangeamsha hamu ya watu walioko juu ya banio. Baadaye zilifuata amri, vikao, kamati na mabishano ya miaka mingi. Lakini ni vigumu kumwomba mtu agawe maji ambayo amekwisha kuyalimia.

Iko hoja moja ambayo huletwa kupunguza uzito wa jambo hili, nayo inastahili kujibiwa. Husemwa kwamba mchele wa juu ni mchele vilevile, na kwamba taifa halikupungukiwa sahani hata moja. Kwa hesabu ya sahani, hoja hiyo ina nguvu. Huenda hata jumla ya mpunga wa bonde zima iliongezeka. Lakini mifereji ya saruji ilijengwa chini, na deni lake ni la wananchi wote. Mfereji usiopitisha maji humea magugu, na mkulima aliyevunjwa moyo haendi tena kwenye mkutano wa mfereji wala kwenye mkutano mwingine wowote.

Ni ajabu kwamba haya yatokee Kilimanjaro, mahali ambapo watu walijua kugawa maji kabla hajafika mhandisi wala misionari. Mifongo ya Wachagga ilitoa maji katika vijito vya msituni, ikayapitisha kwenye kingo za makorongo kwa mwinamo uliokisiwa kwa jicho tu, na kuyafikisha vihambani. Wazungu waliopanda mlima huo katika karne ya 19 waliandika kwa mshangao juu ya kazi hiyo. Kila mfongo ulikuwa na ukoo uliouanzisha, na watumiaji wake walikuwa na siku za zamu na siku za kuusafisha; aliyekwepa kazi alitozwa faini au alinyimwa maji. Huko Upare kulikuwa na ndiva, bwawa dogo lililozibwa jioni ili lijae usiku kucha kutoka kijito ambacho mchana kisingefika popote, kisha likafunguliwa asubuhi kwa mwenye zamu. Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, waliikabidhi kazi ya kugawa maji kwa baraza la wazee liitwalo wenamiji. Na katika Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mawe ya mifereji na matuta ya mashamba ya watu walioishi hapo kwa karne kadhaa bado yaonekana mpaka leo, ingawa wenyewe waliondoka zamani.

Hapana haja ya kuipamba enzi ile. Baraza la wenamiji lilikuwa la watu wachache waliorithi nafasi zao, na asiyekuwamo alipata maji kwa kutoa mbuzi au asali. Wanawake, waliokuwa wakilima kutwa, hawakuwa na sauti katika vikao vya mfongo. Jambo la kuigwa ni dogo, na ndilo lililokosekana Moshi Chini: kabla ya mtu kuchimba, alijulikana nani yuko juu yake na nani yuko chini yake, na wote hao walikuwa wamekwisha kukubaliana.

Usangu, katika wilaya ya Mbarali, unaonyesha sura nyingine ya kosa hilohilo. Mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere hukutana katika tambarare hiyo, huingia katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha hutoka ikiwa Ruaha Mkuu, ambao hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuingia Mtera. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Wachina, lilijengwa shamba kubwa la mpunga la Mbarali lililokuwa chini ya NAFCO. Shamba la Kapunga likafuata. (Namna mashirika hayo yalivyokufa na mashamba hayo kuuzwa kwa watu binafsi ni habari ndefu, na haihitajiki hapa.) Pembeni mwa mashamba hayo wakulima wadogo walizidi kuongezeka mwaka hadi mwaka, wakaja wafugaji na mifugo yao, na mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka hifadhini wakati wa kiangazi, jambo lililoendelea kutokea mwaka baada ya mwaka. Umeme ulipokatika nchini katika miaka ya 1990, vidole vilinyoshwa Usangu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa kwa nguvu na mifugo yao, na bado mto haukurudi kutiririka mwaka mzima.

Katika mjadala huo mrefu, kitu kidogo kilisahauliwa mara kwa mara, nacho ni banio lenyewe. Banio la asili lilikuwa mawe, miti na majani. Lilivuja. Mafuriko yakija lilisombwa, na wenyewe wakaingia mtoni kulijenga upya. Mtaalamu aliliona kuwa ni upotevu wa maji na wa nguvu za watu, akaleta fedha, akajenga la zege lenye lango la chuma. Lakini kule kuvuja kulikuwa ndiyo haki ya mtu wa chini! Maji yaliyopenya kati ya mawe yalifika kwa jirani, na jirani naye akayavujisha. Zege halivuji. Mwenye ufunguo wa lango aweza, katika mwezi wa Oktoba mto ukiwa mwembamba, kuuchukua wote ukaingia mferejini, tena mara nyingine wakati mpunga umekwisha kuvunwa na maji yanatumika kwa matofali, kwa bustani mbili tatu na kwa kuogea. Vitongoji vya kando ya mfereji navyo vina haja ya kweli ya maji hayo, na hilo lisidharauliwe. Lakini haja ya ndoo haihitaji mto mzima.

Sheria haikulala. Sheria ya matumizi ya maji ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote ya nchi chini ya umma na kuagiza kila atakaye kuyatumia kwa kilimo aombe haki. Tatizo lilikuwa katika utekelezaji. Haki iliandikwa kwa kipimo cha kudumu, ilhali mto haudumu. Kiasi kinachofaa mwezi Machi huwa ni dhihaka mwezi Oktoba, na palikuwa na mito ambayo haki zilizoandikwa zilizidi maji yake ya kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilirekebisha mengi: ilileta vibali, ikatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani na yale yanayopaswa kuachwa mtoni, na ikatambua jumuiya za watumia maji. Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 nayo ikaunda Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Kwa maneno ya sheria, basi, nchi imekamilika.

Lakini mtumishi wa wilayani ajua vizuri mahali uzi unapokatika. Ofisi ya bonde iko chini ya Wizara ya Maji. Tume ya Umwagiliaji iko chini ya Wizara ya Kilimo. Afisa Kilimo ni wa Halmashauri, na mpaka wa Halmashauri haufuati mto. Mara nyingi banio liko wilaya moja na mkia wa mto uko wilaya nyingine, hata mkoa mwingine. Faili la kibali cha maji laweza kuwa kwenye kabati moja na faili la ujenzi wa banio kwenye kabati jingine, na wenye makabati hawajapata kukutana ila kwenye mazishi. Ripoti ya robo mwaka huuliza hekta ngapi zimeongezwa na mita ngapi za mfereji zimesakafiwa. Haiulizi kijiji cha mwisho kilipata maji siku ngapi. Afisa hujaza anachoulizwa, na asilaumiwe kwa hilo. Walaumiwe waliotunga fomu.

Hayo yana uzito zaidi sasa kuliko zamani. Katika mwaka wa fedha 2022/23 fungu la umwagiliaji liliongezwa mara kadhaa kupita la mwaka uliotangulia, na kazi za ujenzi zikatapakaa mikoa mingi. Ni hatua ya kupongezwa, nayo ilicheleweshwa mno. Wakati huohuo yafaa ikumbukwe kwamba mifereji mingi ya nchi hii hulisha mpunga. Unga wa sima bado unategemea mawingu kwa sehemu kubwa sana, na anayedhani kwamba mabanio peke yake yatamwondolea mkulima wa mahindi wa Singida hofu ya ukame hajaitazama ramani. Fedha nyingi zikiingia mtoni kwa haraka, mabanio ya zege yataongezeka kwa haraka, na kila banio jipya linalojengwa bila kuuliza habari za walioko juu na walioko chini ni Moshi Chini nyingine inayosubiri kufanikiwa.

Mwalimu ana nafasi yake katika kazi hii, tena si ya hotuba. Shule nyingi za bondeni ziko hatua chache kutoka mfereji. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilizitaka shule ziwe na mashamba. Leo shule hizo zaweza kuwa na mti wenye alama za sentimita uliosimikwa mtoni, na wanafunzi wakausoma kila asubuhi na kuandika daftarini. Miaka mitano ya madaftari kama hayo ingekuwa hazina, kwa sababu katika vijito vingi vidogo hakuna kumbukumbu nyingine yoyote, na ugomvi wa maji huamuliwa kwa kukumbushana mambo ambayo kila upande huyakumbuka kwa faida yake. Kadhalika mwalimu ndiye mara nyingi huombwa kuwa katibu wa umoja wa wamwagiliaji, maana mwandiko wake unasomeka. Na aandike katika kumbukumbu za mkutano nani hakuwapo. Kama hakuna hata mtu mmoja kutoka juu ya banio wala kutoka kijiji cha mwisho, mkutano huo haujazungumzia mto.

Kwa mtumishi, pa kuanzia ni mabwawa, kwa sababu bwawa lina kipimo ambacho mto hauna. Membe na Msagali, mkoani Dodoma, ni mabwawa ya umwagiliaji ambayo ujenzi wake ulianza katika miaka hii ya 2020. Katika mkoa ule maji ya korongo hupita kwa siku chache na kwisha, na maji yakiisha kukusanyika nyuma ya tuta yaweza kuhesabiwa kama magunia ghalani. Orodha ya watakaolima, ukubwa wa jaruba la kila mmoja, zao linaloruhusiwa katika mwaka wa maji machache, kiasi cha kuachiwa ng'ombe na visima vya chini ya tuta, na jina la mtu atakayeshika ufunguo wa lango pamoja na la yule atakayemkagua, vyote hivyo huweza kuandikwa na kusomwa hadharani kijijini wakati matingatinga bado yanafanya kazi. Baada ya maji kufunguliwa, kila aliyepata nyingi ataona kuwa ndizo haki yake, na karatasi hiyo itakuwa ngumu kuandikika.